Muulize Karani: Miji miwili, hakimu mmoja

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwenye miji midogo inayotumia mahakama kwa zamu na majirani zao. Nimefanya kazi masjala ya mahakama za mwanzo mpaka nilipostaafu, sehemu kubwa Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, na jambo hili naliona moyoni kuliko mengi ninayoulizwa hapa. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Mama Karani. Nauza mpunga. Mwaka jana nilimkopesha mwenye mashine wa mji wa jirani magunia 20, tukaandikishana, na mpaka leo hajanipa hata senti ya shilingi 1,400,000. Nimefungua madai. Tatizo ni kwamba hakimu wetu ni mmoja kwa miji miwili: Jumatatu hadi Jumatano yuko kwao, Alhamisi na Ijumaa yuko kwetu. Kesi yangu imepangwa kwao. Mara hakimu yuko semina, mara jalada limebaki huku kwetu. Safari ya mwisho niliwapakia mashahidi wawili kwenye bodaboda kwa gharama yangu, tulipofika tukaambiwa leo ni kutajwa tu. Je, naweza kudai isikilizwe kwetu? Na nauli hizi atazilipa nani?*
*Mama Mpunga*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usumbufu. Nianze na hao mashahidi, maana hapo ndipo pesa yako inapovuja. Kila kesi inapoahirishwa, tarehe mpya huwa ya moja ya mambo mawili: kutajwa au kusikilizwa. Siku ya kutajwa mahakama inaangalia tu shauri limefikia wapi: mdaiwa amepata wito, majibu yameletwa, hakimu yupo. Mashahidi hawahitajiki kabisa. Siku ya kusikilizwa ndiyo ya kuwaleta. Kwa hiyo usiondoke dirishani kwa karani kabla hujamuuliza kwa sauti, "Tarehe hiyo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa?" Akujibu, wewe uandike kwenye daftari lako. Nimeona watu wakiuza kuku na mbuzi kugharamia safari za mashahidi ambao hakuna aliyewahitaji siku hiyo, na hakuna aliyewaambia. Hilo ni kosa letu sisi wa masjala. Mwananchi aliyesafiri anastahili kuambiwa bila kuuliza.

Sasa suala la mahali. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inaipa mahakama ya mwanzo mamlaka ndani ya wilaya nzima ilimoanzishwa, haijafungwa kwenye kata lilipo jengo. Lakini madai yana utaratibu wake: hufunguliwa anapoishi au anapofanyia biashara mdaiwa, au pale jambo lenyewe lilipotokea. Mwenye mashine anaishi kwao, ndiyo maana jalada likaenda huko. Je, mlipatana wapi? Kama mliandikishana gengeni kwako na magunia yakapakiwa hapo kwako, una hoja ya msingi kwamba jambo limetokea mjini kwenu.

Mwandikie hakimu barua fupi, ya ukurasa mmoja, uombe shauri lisikilizwe Alhamisi au Ijumaa hapo kwenu. Taja namba ya shauri, taja kwamba mashahidi wako wote wanaishi huku, na taja kwamba hakimu ni huyohuyo. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu hakuna anayepokonywa kesi. Akikataa, ipo njia ya kuomba mahakama ya wilaya iamuru shauri lihame kutoka mahakama moja ya mwanzo kwenda nyingine, ila iache iwe ya mwisho, maana nayo ina safari zake.

Jalada kubaki mji mwingine ni uzembe unaoweza kukomeshwa. Nilipokuwa kazini tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na daftari la kusaini: jalada gani limetoka, limeenda wapi, nani kalibeba. Hakimu hapandi pikipiki mpaka sanduku limehesabiwa. Siku hizi mashauri husajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta na mambo yamekuwa mepesi, lakini pale ambapo bado kuna jalada la karatasi, lina tabia ya kukaa lilipoachwa. Piga simu siku moja kabla. Mahakama nyingi zimebandika namba ukutani. Uliza maswali mawili tu: hakimu atakuwepo, na jalada langu liko wapi?

Ukifika ukakuta hakimu hayupo, usigeuze. Nenda kwa karani, aandike kwamba umefika, akupe tarehe mpya. Mdai asiyeonekana anaweza kufutiwa shauri, na siku ya kueleza kwamba ulifika hutakuwa na cha kuonyesha.

Kuhusu nauli: ukishinda, omba gharama za shauri. Mahakama ina uwezo wa kumwamuru aliyeshindwa azilipe. Weka tiketi. Wa bodaboda hatoi tiketi, najua, basi mwombe akuandikie kwenye karatasi tarehe, safari na kiasi, aweke sahihi na namba ya simu. Hakimu anaweza kupunguza, anaweza kukataa baadhi, lakini huwezi kupewa ambacho hukukiomba.

*Mama Karani, shikamoo. Nilishindwa kesi ya madai mahakama ya mwanzo na sikuridhika. Naomba nakala ya hukumu, naambiwa mchapaji yuko mji mwingine, nirudi wiki ijayo. Nimerudi mara nyingi. Wiki ya tatu inaisha. Nikiipata ndipo nitafute nauli ya kwenda Mahakama Kuu Morogoro. Nimechelewa?*
*Mwalimu mstaafu*

Marahaba mwalimu. Hujachelewa bado, lakini leo si siku ya kulala. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo huenda mahakama ya wilaya, Mahakama Kuu bado hujaifikia, na muda wake ni siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Zihesabu kuanzia siku hiyo.

Na sikiliza hili vizuri, maana limewaponza wengi katika miji inayotumia mahakama kwa pamoja: rufaa kutoka mahakama ya mwanzo haihitaji kuambatanishwa na nakala ya hukumu. Kanuni za rufaa hizo hazikudai hivyo, na Mahakama Kuu imeshalisema mara kadhaa. Unaandika maombi ya rufaa, unataja uamuzi unaoupinga na sababu zako moja baada ya nyingine, unasajili mahakama ya wilaya. Jalada la kesi litaitwa na mahakama hiyo yenyewe. Ukikaa kumsubiri mchapaji mpaka siku ya 31, itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya kutosha, na "nilikuwa nasubiri nakala" ni sababu dhaifu kwa kitu ambacho hukudaiwa. Nakala iendelee kuombwa, kwa maandishi, ni haki yako na itakusaidia kupanga sababu zako. Lakini rufaa itangulie.

Ukishindwa tena wilayani, unakwenda Mahakama Kuu, na muda ni siku 30 vilevile. Hata hapo maombi yako hupelekwa kwenye mahakama ya wilaya iliyokuhukumu, ndiyo inayoyapeleka juu pamoja na jalada. Safari ya Morogoro itakuja siku ya kusikilizwa.

Mwalimu, wewe una umri wa kukumbuka kwamba mpaka miaka michache iliyopita hata Morogoro haikuwa na Mahakama Kuu yake. Mkoa wetu ulitumia Masjala ya Dar es Salaam, yaani tawi la Mahakama Kuu la huko, pamoja na Pwani na Dar es Salaam yenyewe. Mtu wa Mahenge aliyekata rufaa alivuka Mto Kilombero kwa kivuko, maana daraja lilizinduliwa 2018, akafika Ifakara, akapanda basi hadi Mikumi, Morogoro, ndipo Dar es Salaam, alale kwa ndugu, asubuhi aambiwe kesi imeahirishwa. Wapo walioacha haki zao njiani. Walikuwa na hoja nzuri, nauli ndiyo iliwaishia. Watu wa Kigoma nao walikuwa wakiifuata Mahakama Kuu Tabora. Tunapozungumza mahakama ya pamoja, nawakumbuka watu hao kwanza.

*Kwako Mama Karani. Mimi ni diwani. Kata yangu na kata ya jirani ni miji midogo miwili iliyo karibu. Wao wana jengo la mahakama ya mwanzo la zamani, kuta zimepasuka. Sisi tuna kiwanja. Tumeambiwa tukubaliane pawepo jengo moja zuri la kuhudumia wote. Wazee wangu wanasema tukikubali lijengwe kwao tutamezwa, na wa kwao wanasema hivyohivyo kuhusu sisi. Wewe ungeshauri nini? Na je, miji mikubwa nayo inashirikiana hivi?*
*Diwani*

Mheshimiwa, ningeshauri mkubaliane, tena mapema. Jengo moja lenye hakimu anayekaa, masjala yenye umeme, choo cha wananchi na chumba cha mahabusu kinachofungika ni bora kuliko majengo mawili yanayofunguliwa kwa zamu. Nimefanya kazi kwenye jengo ambalo mvua ikinyesha tulihamishia majalada chini ya meza. Karatasi ikilowa, ushahidi wa mtu umelowa.

Lakini wazee wako wasikilizwe, kwa sababu hofu yao ina msingi. Mji wenye jengo hupata zaidi ya jengo. Hupata mgahawa wa mashahidi, mwandishi wa barua chini ya mwembe, na kikubwa zaidi hupata mazoea. Mtu wa pale anamjua karani, anajua leo hakimu katoka, anakuja kwa miguu saa nne. Wa mji wa pili ameamka saa kumi alfajiri. Kesi inapoahirishwa, mmoja amepoteza saa moja na mwingine amepoteza siku nzima na nauli. Sheria inawaita sawa, lakini masjala haiwaoni sawa. Kwa hiyo, mnapokubaliana mahali, mkubaliane pia namna ya kumlinda aliye mbali.

Ningeanza na siku. Mji usiopata jengo uombe uwe na siku ya kikao kwake, angalau mara moja kwa wiki, katika chumba cha ofisi ya kata. Hakimu mmoja na karani mmoja kusafiri ni nafuu kuliko watu arobaini kuwafuata. Siku hiyo ichaguliwe na watu wanaoijua barabara. Sisi bondeni tulipenda siku ya gulio, kwa sababu ndiyo siku yenye magari, na mtu aliyeleta kuku wake sokoni anaweza kuitikia jina lake mahakamani saa tatu akarudi kwenye biashara. Masika ni habari nyingine. Machi hadi Mei mto unapotanuka, vijiji vingine hufikika kwa mtumbwi tu, na kesi za watu wa huko zinafaa kupangwa mapema ziishe kabla, au zisubiri Juni. Hili halihitaji fedha, linahitaji karani anayejua mashauri yake yanatoka vijiji gani.

Kisha ubao wa matangazo. Orodha ya kesi za wiki ibandikwe kwenye ofisi za kata zote mbili, Ijumaa jioni. Na wazee wa baraza: katika miaka yangu walikaa na hakimu kusikiliza kesi, na baraza la mahakama inayotumiwa kwa pamoja likijaa watu wa upande mmoja, hata hukumu ya haki huonekana ya upendeleo. Nilikuwa nikimwona mzee wa upande wa pili akimfafanulia hakimu desturi ya mahari ya kijijini kwake, na nusu ya ugomvi ikaisha papo hapo. Kama mahakama yenu bado inakaa nao, omba watoke pande zote.

Mahabusu usiwasahau. Mshtakiwa aliyekamatwa mjini kwenu atapelekwaje mji wa pili, kwa gari la nani? Wadhamini wake nao watasafiri, na barua zao za mtendaji mkononi. Kama kituo cha polisi kiko kwenu na mahakama iko kwao, mahali pa kulala pa mshtakiwa na mahali pa kesi yake pametengana, na kijana aliyeiba baiskeli anaweza kukaa ndani kwa sababu ya dizeli. Mimi kwa sababu hii peke yake ningependa jengo liwe upande wenye polisi.

Jambo moja nikuambie kwa heshima: diwani hapangi siku za hakimu. Mahakama ni mhimili unaojitegemea, na barua yako iende kwa hakimu mfawidhi wa wilaya, yaani hakimu msimamizi, kama ombi. Usipeleke madai haya kwenye kamati ya maadili ya mahakimu, ile inayoongozwa na mkuu wa wilaya. Kazi yake ni mienendo ya mahakimu, na hakimu aliyepewa vituo viwili hajakosa maadili. Kilicho ndani ya uwezo wako ni kiwanja chenye hati, chumba cha kikao kata ya pili, meza, viti, na barabara ya kufika. Kiwanja kisicho na hati kimezuia majengo mengi.

Umeuliza kama miji mikubwa nayo inashirikiana. Ndiyo. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita: Arusha, Dodoma, Morogoro, Mwanza, na viwili Dar es Salaam, yaani Kinondoni na Temeke. Ndani ya jengo moja unakuta mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu, pamoja na ofisi za wadau wa sheria. Temeke ikawekwa mahsusi kwa mirathi na masuala ya familia. Nilitembelea cha Morogoro nikafurahi kwa dhati, maana mama mwenye shauri hapandi tena ngazi za majengo matatu mitaa mitatu. Lakini kutoka Ifakara hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 200, na Malinyi au Mlimba ni mbali zaidi. Jengo zuri halijapunguza hata kilomita moja. Ndiyo maana nilishangilia zaidi 2019 zilipozinduliwa zile mahakama zinazotembea, magari yenye chumba cha kesi ndani, zikaanza Dar es Salaam na Mwanza. Laiti moja ingekuja bondeni baada ya mavuno.

*Shikamoo mama. Baba yetu amefariki. Aliishi na kuzikwa wilaya moja, ana shamba na nyumba ndogo wilaya ya pili ng'ambo ya mto, na sisi watoto tuko Dar es Salaam. Kaka anasema kila wilaya ifunguliwe mirathi yake. Dada anasema tufungue huku tuliko. Nani yuko sahihi?*
*Mtoto wa mwisho*

Marahaba mwanangu, poleni kwa msiba. Hakuna aliye sahihi, msigombane. Mirathi hufunguliwa mara moja, na kama ni ya mahakama ya mwanzo, ni kwenye mahakama yenye mamlaka mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Mahali mnapoishi ninyi hapahusiki. Mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi ya wanaofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama baba aliishi kwa taratibu nyingine, au ameacha wosia wa namna nyingine, muulizeni karani kwanza kabla hamjalipa chochote.

Msimamizi akishateuliwa atapewa fomu namba IV, ya uteuzi wake. Hiyo ndiyo atakayoionyesha ng'ambo ya mto, kwa mtendaji wa kijiji, benki, popote penye mali. Mali zote za pande zote ziandikwe kwenye shauri hilohilo. Ndani ya miezi minne anatakiwa kupeleka mahakamani fomu namba V, ya mali na madeni, kisha fomu namba VI, ya hesabu ya alivyogawa, kwa tarehe atakazopangiwa na mahakama. Akihitaji muda zaidi aombe kabla haujapita. Mkifungua mashauri mawili mtapata wasimamizi wawili, na shamba ndilo litakaloteseka.

*Mama Karani, jirani amesogeza mpaka akaingia shambani kwangu. Mahakama ya mwanzo wamenikataa, wamesema niende baraza. Baraza la kata wananiambia hawatoi hukumu siku hizi. Niende wapi?*
*Mkulima, Bonde la Kilombero*

Wote wamekuambia kweli. Mahakama ya mwanzo haina mamlaka ya ardhi. Baraza la kata lilikuwa likihukumu zamani, lakini tangu sheria ilipobadilishwa 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Peleka malalamiko yako hapo kwa maandishi. Wana siku 30. Mkipatana, mwandikishane mbele yao, mkaweke na alama za mpaka siku hiyohiyo. Mkishindwana, wakupe cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila usuluhishi unaruhusiwa kusonga mbele.

Kinachofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hilo nalo ni la kutumia na majirani: lile la Ifakara limekuwa likipokea migogoro ya zaidi ya wilaya moja, kwa hiyo foleni ni ndefu. Nenda na cheti cha kata, jina kamili la jirani, na maelezo ya shamba kwa majirani wa pande zote nne. Na ukiwa unakwenda, mchukue na mzee anayeujua mpaka huo tangu zamani, akaandikishwe jina lake kama shahidi kabla hujafunga safari ya pili.